Hapana Tatu Nilizomjazia Baba

Lubumbashi, Jumanne tarehe 14 Mei 2024

Mpendwa Mama Lydie,

Huwa nasoma majibu yako ya ushauri gazetini, na naapa kukuambia yote, hata lile ninaloona haya kulisema, kisha unihukumu utakavyo.

Nina miaka kumi na sita, tunakaa mtaa wa Annexe, na baba yangu ni dereva wa lori la mgodi, naye akilala hukoroma mpaka nyumba ya pili wanasikia, halafu ghafla anakatika, pumzi hakuna, kifua kimesimama, na sisi sote tunasimama naye, mpaka ashtuke kama mtu aliyetolewa majini. Ijumaa alirudi kutoka msikitini akasinzia na sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, nikahesabu sekunde ishirini na sita bila pumzi, nikamtikisa huku nalia, akafungua macho akasema, "Miko nawaza tu, mama," ndivyo anavyoniita. Bibi akacheka: "Babu yako pia alikuwa anakoromaka, na alikufa na miaka makumi munane. Acha papa yako apumuzike."

Mwezi uliopita alilala kwenye usukani, barabara ya Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia. Msaidizi wake, Floribert, alimvuta mkono, na alipofika kwetu alitusimulia kwa mzaha: "Muzee alitaka kutuingiza Zambia bila pasipoti!" Wote walicheka. Mama hakucheka.

Mama alimpeleka kwa daktari, akaambiwa koo lake linajifunga usingizini, alale hospitali usiku mmoja apimwe, na huenda akahitaji mashine yenye barakoa ya kumsukumia hewa usiku kucha, lakini baba akakataa kufanana na rubani: "Nivae masque sawa pilote? Na courant ya hapa?" Ni kweli, umeme wetu huja unapotaka. Basi mama akamshonea fulana yenye mfuko mgongoni, akatia kokwa la parachichi ili asiweze kulala chali, na baba anaivaa kinyume, kokwa kifuani, analala chali vilevile. Sasa jirani yetu Mama Brigitte ameleta vidonge vya usingizi, ati baba anahitaji kulala sana tu, na vipo kabatini, na kila nikipita navitazama.

Sasa lile la aibu. Kuanzia Jumatatu baba ataendesha basi la wafanyakazi, watu hamsini, na kwanza kila dereva hujaza karatasi ya afya kwa Kifaransa. Baba aliacha shule mapema, kwa hiyo karatasi zote za nyumbani huzijaza mimi tangu nina miaka tisa, na nimekuwa nikijivunia kazi hiyo. Je, unakoroma? Je, unasinzia mchana? Je, umewahi kulala ukiendesha? Nilimtazama, naye akaogopa kufukuzwa. "Andika non, mama. Bakijua, batanitosha ku kazi, na weye utasoma na nini?" Nikaandika non, yaani hapana, mara tatu, kwa mwandiko wangu mzuri, akatia sahihi, na tangu siku hiyo silali vizuri hata mimi.

Bado naamini baba anaweza kupona. Lakini Mama Lydie, nikisema ukweli, nitakuwa nimemsaliti? Tafadhali nijibu kabla ya Jumatatu.

Ramla

*

Ramla mwanangu (jina si lako, nimelibadilisha),

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nianze kwa kukukaripia: mwandiko mzuri hautolewi kuandikia uongo. Basi, makaripio yako yamekwisha. Yanayobaki ni ya baba yako, maana mtu mzima hampi mtoto kalamu ili ambebee uongo, halafu akamtajia karo ya shule.

Vile vidonge virudishwe kwa Mama Brigitte leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Vinaweza kulilegeza koo zaidi, na pumzi ikakatika kwa muda mrefu zaidi. Bibi naye mwambie kwa adabu: babu alikoroma kitandani, baba anakoroma barabarani.

Mashine si adhabu, na hakuna atakayemwona baba akiwa nayo ila mama yako. Inaliweka koo wazi kwa hewa, na wengi huamka wepesi kama walioshushwa mzigo. Kuhusu umeme, mwambieni daktari waziwazi. Zipo zinazotumia betri. Ugonjwa ukiwa mdogo, huenda akapewa kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya, au akaambiwa apunguze uzito na alale ubavu. Wengine hupasuliwa. Haya hayaamuliwi sebuleni kwenu, yanaamuliwa baada ya kipimo, kwa hiyo usiku ule mmoja hospitalini lazima aulale. Kokwa la mama yako si wazo baya. Mgeuzieni fulana, ila msijidanganye kwamba inatosha.

Sasa sikiliza. Leo jioni mpe mama yako barua hii. Amwite Floribert, aje bila mzaha wake, maana yeye ndiye aliyeushika ule mkono. Wawili hao waketi na baba, na kabla ya Jumatatu baba aende mwenyewe kwa daktari wa kampuni, aombe karatasi mpya na kazi isiyo ya usukani mpaka atibiwe. Akipata matibabu na daktari akaridhika, anaweza kurudi kuendesha. Asipokwenda, waende wao. Si wewe, wewe una shule.

Karatasi mpya ikija, ijaze wewe. Msomee kila swali, kisha ngoja. Usiandike neno mpaka ajibu mwenyewe, hata chai ikipoa.

Umeniuliza kama utakuwa umemsaliti. Hapana. Hapana hii nimeiandika mimi, na ni ya kweli.

Mama Lydie