Ngano ya Anthula

Jumatatu, tarehe 5 Novemba

Kaliroi kaja tena. Jirani mwema, Mungu ambariki, lakini mdomo! Kanywa kahawa yangu mpaka machicha, halafu akaanza: Jumapili ni arobaini ya Anthula na mama mtu hajaloweka hata punje ya ngano ya kumpikia marehemu. "Shoga, unamnyima mwanao pumziko."

Nikamwambia mwanangu hajafa. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Akakung'uta makombo kwenye gauni lake jeusi, akaondoka.

Polisi waliandika kwamba aliteleza akaangukia pangoni. Mimi nilikuwepo! Nilikuwa juu na mbuzi, yeye bondeni anachuma maua ya nargisi, yale meupe za baada ya mvua ya kwanza. Ardhi ikapasuka kama mkate unavyomegwa. Farasi weusi wakatoka na gari lao, na bwana mmoja wa makamo, kavaa vizuri. Akamkamata kiuno. Ardhi ikajifunga. Maua yalibaki yamesimama, hata moja halikuvunjika.

Hapa naandika kwa sababu karatasi hainiangalii kwa huruma.

Jumatano, tarehe 7 Novemba

Ngano iliyopandwa haijaota. Si yangu tu, ya kijiji kizima. Kisimani wakinyamaza nikifika najua walikuwa wanasema nini: kilio cha yule mjane kimeifunga ardhi.

Jioni Padri Leonida kapita. Kakaa kwenye ngazi, kavua kofia. "Mama Anthula, sikulazimishi. Kama yuko kwa wafu, anahitaji sala zetu. Kama yuko hai, sala haitamdhuru."

Haitamdhuru. Nimepiga magoti mbele ya picha ya Mama wa Mungu mpaka miguu ikafa ganzi. Naye alimpoteza mwana. Lakini yeye alionyeshwa kaburi!

Nimechoka. Nimeloweka ngano.

Ijumaa, tarehe 9 Novemba

Nimeichemsha, nimeianika juu ya kitambaa safi. Kaliroi kaja kusaidia kumenya lozi. Anasema koliva, hii ngano ya wafu, aliyompikia mama mkwe wake iliungua, na marehemu akamtokea ndotoni kulalamika. "Hata kaburini alikuwa na kisirani!" Nimecheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha nikaona aibu, nikatoka kuvunja makomamanga.

Yameiva vizuri mwaka huu. Mekundu mno.

Jumamosi, tarehe 10 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilipanga sinia. Ngano, zabibu, lozi, punje za komamanga, juu sukari laini nyeupe. Katikati nikaandika jina lake kwa lozi, kama wanavyoandikiwa marehemu wote. Nikaenda kwa Kaliroi kuazima kitambaa cha kufunikia. Nilikaa kidogo tu. Kidogo!

Narudi, mlango uko wazi. Mtu kasimama mezani amenipa mgongo, anakula kwa mkono kama aliyetoka vitani. Nywele zimejaa udongo.

"Mama, nina njaa," akasema, mdomo umejaa.

Bikira! Nilimkumbatia mpaka akapiga kelele kwamba namvunja. Baridi mwili mzima, lakini ni yeye, ana kovu lake kidevuni. Nikalia, nikacheka, nikamwita mwehu, kwa nini hukupiga hodi kwenu?

Akakaa. Akasimulia huku anachota. Yule bwana si mkatili, anasema. Mpweke tu. Kila siku alimwandalia meza: nyama, asali, mikate ya moto. "Sikugusa, mama. Hata maji yake. Mlinzi wa lango aliniambia kwa siri: asiyeonja chakula cha wafu hawezi kuzuiwa. Nikafunga kinywa kama Kwaresima. Jana yule bwana akachoka, akafungua lango mwenyewe."

Mimi nilikuwa naangalia sinia. Jina lake lilikuwa limebaki herufi mbili.

"Kwani hii ulimpikia nani?" akauliza.

Jumapili, tarehe 11 Novemba

Kijiji kizima kimekuja kumgusa. Kaliroi kapiga vigelegele halafu kazirai, akaangusha kiti changu kizuri. Wanasema mashamba yameanza kuonyesha kijani. Sijaenda kuangalia.

Padri nilimvuta pembeni, nikamweleza yote. Akanyonya masharubu. "Ilikuwa haijaombewa bado, Mama Anthula. Ngano isiyosomewa sala ni ngano tu."

"Una hakika, Baba?"

Akafanya ishara ya msalaba. Basi nikajua.

Nimemwekea Anthula supu ya kuku kwa yai na limau, anayoipenda tangu mtoto. Kaonja, kaiweka chini. Eti ina ladha ya majivu. Mkate, majivu. Jibini, majivu. Kisha akaniuliza kwa aibu kama ile ngano imebaki.

Nilikuwa nimeificha kabatini. Sikuthubutu kuitupa, kumwaga chakula cha wafu ni dhambi. Nikasema imekwisha. Nimemdanganya mwanangu siku ya Bwana.

Jumatatu, tarehe 12 Novemba

Farasi wako getini. Mchana kweupe, mbuzi wote wamelala chini kimya. Yule bwana kavua kofia, hajaingia. Ana adabu, ndilo linaloniudhi zaidi.

"Mama mkwe," akasema, "sikuja kumwiba. Safari hii ameitwa na chakula chenye jina lake. Na mimi sikumpa hata punje."

Mama mkwe! Nilimrushia ufagio. Padri kasoma zaburi mpaka sauti ikamkauka. Farasi wanapunga mikia tu. Bwana anasema atamrudisha maua yakichipuka, kila mwaka, anaapa. Anthula halii. Anafunga kamba za viatu taratibu, ananiambia, "Mama, usisimame kwenye baridi."

Kaliroi yuko uani analia kwa sauti, anaulaani mdomo wake. Nimemwambia anyamaze. Sinia niliipanga mimi.

Nimeingia ndani kuchukua koti la sufu la Anthula. Nimefungua kabati. Ngano ipo, kiasi cha bakuli, punje za komamanga zimeanza kutoa maji. Mama wa Mungu, wewe unajua, usinihesabie dhambi: mwanangu haendi peke yake.

Nimewaambia wasubiri kidogo, sijala tangu asubuhi. Natafuta kijiko—