Pini ya Mwanaasha

Regina, Mwanaasha ameumia.

Si tulikuwa karakana ya chuo tunajaribu lile gari letu dogo la kuelea kwa sumaku. Leonard akasema kila mtu atoe vyuma. Tukavua saa, mikanda, hadi funguo za geto tukaacha nje.

Mwanaasha akainama aone kama gari litainuka relini. Leonard akawasha umeme.

Pini ya hijabu, Regina. Ile ya karibu na sikio. Ikachomoka, ikampitia jichoni, ikanasa kwenye sumaku.

Pini. Hata yeye mwenyewe hakuikumbuka.

Sasa hivi tupo kwenye bajaji tunampeleka hospitali. Jicho hataki kulifumbua, damu imelowanisha hijabu. Anauliza tu, "Lakini liliinuka?"

Nimemwambia ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia.