Walipohesabu Paa la Mama

Kanga, Mafia
Mwezi wa Rajabu, 1319

Kwa ndugu yangu mpenzi, kaka yangu Hemedi bin Hamdu, uliyeko Unguja, Mungu akuhifadhi na akupe riziki yenye baraka. Shikamoo kaka. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, na kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimekuachia, na wifi yangu Hafidha na watoto hawajambo. Ukiniuliza sisi, viungo vyetu ni vizima, alhamdulillahi. Lakini moyo wangu si mzima, umejaa hasira, na kwa kuwa marehemu baba alinifundisha kuandika kama alivyokufundisha wewe, sina haja ya kumtafuta mtu wa kuniandikia maneno yakapoa njiani.

Mama bado yumo edani. Tangu tulipomzika baba hajavuka kizingiti cha nyumba yake, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, na siku zake anazihesabu kwa tasbihi. Unajua mwenyewe alivyo katika mambo ya dini. Unajua pia kwamba nyumba ile ni yake mwenyewe, alipewa na babu kabla hata hajaolewa, na baba alikuwa akitutania kwamba yeye humo ni mgeni aliyekawia kuondoka. Kumbuka hilo unaposoma, maana habari yote inahusu nyumba hiyo.

Wakati wa kusi jumbe wetu alifariki. Akida akaleta neno kutoka Chole kwamba safari hii bomani hawatatuletea mtu, ila watu wa Kanga wachague wenyewe jumbe wamtakaye, naye ndiye atakayehesabu nyumba za kodi na kuipeleka kodi hiyo kwa Wadachi. Kaka, mji uliwaka. Watu waliokuwa wakishindwa kukubaliana hata juu ya nani aadhini, ghafla kila mmoja akawa na lake la kusema juu ya kodi.

Walisimama wawili. Mmoja ni Bwana Hamoud, mwenye mashamba ya minazi mpaka huko Bweni. Yeye alisema nyumba ni nyumba, kubwa na ndogo zitoe sawa, na asiyeweza atamlipia yeye, kisha mtu huyo amfulie nazi mpaka waridhiane. Waridhiane! Ussi mvuvi alisema waziwazi kwamba babake aliingia katika kuridhiana huko akiwa kijana na akatolewa kwa jeneza. Lakini wanaokula kwa Bwana Hamoud walisema ni mtu karimu, na mwenye mali hana haja ya kuiba. Wa pili ni Kombo, mwenzako wa jandoni. Naye alisema atakwenda bomani aombe kodi itazamwe kwa minazi, mwenye mingi atoe kingi, asiye nayo atoe kidogo. Wavuvi wakashangilia. Wenye minazi mitatu minne wakanuna, wakisema leo atahesabiwa Hamoud, kesho watafuata wao. Wengine walisema wote wawili ni wale wale na Mdachi atachukua atakacho, wakarudi kushona nyavu zao.

Sisi wanawake hatukuulizwa. Nusu ya nyumba za Kanga ni za wanawake, kodi inaingia kwa mlango wetu, lakini wa kuchagua ni wanaume. Hata hivyo kisimani tulisema mpaka ndoo zikasahauliwa. Bibi Mwanasiti alisema Hamoud angalau tunamjua anavyong'ata, ila huyu Kombo hajawahi kushika kitu, hatujui mkono wake utakuwaje. Nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia umri umemtia woga. Leo nikipita kwake nainamisha kichwa.

Maana Kombo aliahidi. Alisimama uwanjani mbele ya msikiti, watu wakiwa wametoka kusali, akala yamini kwamba akiwa yeye ndiye jumbe, nyumba ya mjane haitahesabiwa. Macho yake yalikuwa kwa Mjomba Mbaraka, kwa sababu kila mtu anajua ukoo wa mama ni mkubwa, na uelekeapo ndiko mji unakoelekea. Na wewe, kaka, usijitie umesahau. Ulileta salamu kwamba Kombo amekuomba unioze kwake na wewe umekubali, kwa kuwa baba hayupo na wewe ndiye walii wangu, na kwamba jamaa wote wamuunge mkono kwani atakuwa mtu wetu. Mimi hukuniuliza. Lakini nilisema sawa, ni rafiki yako, na maneno yake mazuri. Mama alinituma kwa mjomba na neno lake kutoka ndani, kwamba watu wa nyumba yetu wakae na Kombo.

Siku ya kuchagua iliamriwa wanaomtaka Hamoud wakae upande wa kisima, wanaomtaka Kombo wakae upande wa makaburi. Sisi tulichungulia nyuma ya ua. Pande zote mbili zilikuwa zinalingana, mpaka Mjomba Mbaraka alipoinuka na wanawe na wapwa zake wote, akaenda kukaa makaburini. Hapo ikaisha. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mungu anisamehe.

Kombo akaenda Chole, akarudi na kofia nyekundu na joho jipya, na habari nyingine kabisa. Minazi hata hakuitaja. Alisema bomani wameamua kila penye paa hapo ni nyumba, na kila nyumba itoe. Mjomba akamuuliza vipi wajane. Akajibu kwamba mambo ya serikali si kama mazungumzo ya uwanjani. Kaka, aliyasema hayo bila kupepesa macho! Tena tukaja kujua kwamba jumbe hupewa fungu lake katika kodi anayoikusanya. Kadiri mapaa yanavyozidi, ndivyo fungu linavyonona.

Watu wakafanya walichoweza. Kwa kuwa amri ni paa, waliyaondoa mapaa. Ungeuona mji wetu ungelia na kucheka pamoja, makuti yamerundikwa mauani, kuta ziko wazi kama vyungu visivyo vifuniko, na watu wamehamia kwa ndugu zao, koo tatu katika nyumba moja, kusubiri mhesabuji apite ndipo waezeke tena. Kila aliyeweza kuhama alihama. Mama ndiye peke yake asiyeweza. Aende wapi naye yumo edani?

Kombo alikuja kwa mjomba na kusema mama ahamishiwe hapo kwa mjomba, nyumba yake iezuliwe kama nyingine, ni hatua chache tu, na dharura dini inaikubali. Nadhani aliona atatufanyia hisani. Mama alijibu kutoka ndani kwamba dharura ni moto na mafuriko, na tamaa ya mtu aliyekula yamini akaitema haimo. Hatoki. Akaniita, akaniambia basi litolewe paa yeye akiwa ndani, kwani aliyeamriwa kutotoka ni yeye, paa halikuamriwa kitu. Nikapanda mwenyewe na wanawe mjomba, nikakata kamba nilizomwona baba akizifunga. Kuti la mwisho lilipoanguka nikamwona mama chini, amekaa katika nguo zake nyeupe juani, anavuta tasbihi. Sijapata kuona hasira iliyotulia hivyo. Mjomba akatuletea tanga kuukuu la mashua yake tukamtandia juu apate kivuli.

Siku ya hesabu Kombo alipita na mtu wa akida na askari. Nyumba baada ya nyumba, hakuna paa. Yule mtu wa Chole akaanza kumtazama Kombo kwa jicho la dharau, na jasho likamtoka chini ya kofia. Walipofika kwetu, mji mzima ulikuwa nyuma yao. Kombo akatazama juu, akasema kwamba tanga nalo ni paa. Tanga, Hemedi! Rafiki yako, aliyekula wali wa mama sinia moja nawe mlipokuwa watoto, alisimama mbele ya eda yake akasema kitambaa kile ni paa, andika.

Mama akaagiza litolewe. Hakupaza sauti, lakini watu walimsikia. Tuliliondoa mbele ya macho ya Kombo, na mtu wa akida akacheka, akasema hapa hakuna nyumba, twende. Hawakuandika. Alasiri ile ile mvua ya vuli ikashuka. Nilimfunika kwa mikeka na mwili wangu, na tulilowa mpaka mifupani, na mama hakusogea kwenda popote. Homa ilimshika siku kadhaa, sasa imemwachia. Wanawe mjomba wameezeka upya. Sikukupelekea habari mapema kwa sababu alinikataza, alisema una mashaka yako huko.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Baada ya hayo yote, Kombo hakuona haya. Alikuja barazani kwa mama na wazee wake, mjomba akiwapo, kutaja siku ya ndoa mara tu mama atakapotoka edani. Akaleta na makuti mapya, ati zawadi ya ukwe. Akasema akishaingia ndani kama mkwe, nyumba hii itakuwa chini ya mkono wake, na mama hatasumbuliwa tena na kodi. Chini ya mkono wake! Nyumba ya mama! Mjomba alifoka, lakini mwisho akasema hana la kufanya, walii ni Hemedi, na Hemedi ameshatoa kauli.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kauli hiyo umeiondoa. Nikasema nahodha mmoja aliyepita kutoka Unguja aliniletea salamu zako za mdomo, kwamba umesikia habari ya paa, na hunipi kwa Kombo, leo wala mwakani. Hapana nahodha aliyeniletea neno. Nimelitunga pale pale, kaka, na nimelitia kinywani mwako mbele ya wazee. Kombo akauliza ni nahodha gani. Nikamtaja mmoja ambaye siku mbili nyuma alikuwa ameshashika njia ya Kilwa.

Kisha Kombo akasema hapokei maneno ya mlangoni, atakwenda Unguja aisikie kauli kwa masikio yake. Anasubiri tu kukabidhi hesabu yake Chole, halafu anapanda chombo. Waraka huu nampa Muhidini anayeng'oa nanga asubuhi hii, nami namwomba Mungu amtangulize.

Sikuombi msamaha. Wanaume wa Kanga walikaa upande mmoja na mwingine wakatuchagulia, na wewe ulituchagulia ukiwa mbali, bila kuuliza. Sasa limebaki jambo moja la kuchagua na ni lako peke yako. Ukimwambia Kombo kwamba nimesema uongo, basi nitakuwa mwongo mbele ya mji mzima, tena nitakuwa mke wake, na mama atakaa chini ya mkono wake. Ukimwambia kwamba kauli ni yako, hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe na Mola wetu.

Mjomba Mbaraka anakusalimu sana, na Bibi Mwanasiti, na jamaa wote wanakuombea heri. Nisalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu kuliko wote. Wazee walipoondoka aliniita, akaniuliza polepole kama ni kweli Hemedi amesema hivyo. Nikamjibu kwamba atasema.

Wasalaam, ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Mwanahalima binti Hamdu