Pepo ya Kihindi ku Ukuta Wangu

Vagheni, bamekuya kufukuza pepo ku ukuta wangu. UKUTA!

Unakumbuka ile neno niliandika ku ukuta, juu ya kitanda, atman, ni kusema nafsi? Yule askari Muhindi wa kulinda amani alinifundisha herufi zao hapa Beni, na tangu pale niko nasoma filozofia ya bazee babo. Keren wa jirani aliona herufi zinaning'inia sawa nguo ku kamba, akakimbia kanisani kusema ni pepo.

Leo Mzee Josaphat wa kanisa letu amefika hapa kwangu, upande wa Mulekera, na kwaya nzima. Kwaya nzima, Vagheni!

Banaanza wimbo. Na ule wimbo ninaupenda. Nikaimba bass, ile sauti nzito. Mama mumoja akanigeukia: "Papa, tuko nafukuza pepo yako, na weye unasaidia?"

Bakamaliza. Josaphat: "Imetoka, amina. Sasa pangusa."

"Imetoka kweli?"

"Kwa jina la Yesu, imetoka!"

"Donc ukuta ni safi. Nipanguse nini?"

Kwaya nzima bakamugeukia Josaphat!

Mais unamujua Josaphat. Eti neno likibaki, dimanche, siku ya ibada, hapana Meza ya Bwana kwangu, na siku nikikufa kwaya haitakuya kunizika.

Nimetembea toka Kamango mpaka Kampala, hakuna mutu alinipangusa kitu nilijifunza kichwani. Sipangusi!

Dimanche nakaa banc ya mbele. Josaphat mwenyewe aniruke na kile kikombe cha Bwana, batu bote baone. Na bakianza ule wimbo, bass ni yangu.