Alama ya Nne Ndani ya Mfuniko

Kaka yangu mpenzi,

Sisi wazima. Goti la Mama limepoa kidogo, na yule paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya droo yangu ya vitambaa.

Jana mteja aliniletea saa ya mkononi ya bei mbaya, nimwambie kama ni halisi au feki. Nikafungua mfuniko wa nyuma. Unajua sisi mafundi hukwaruza alama zetu humo kila tunapoisafisha mashine. Nilikuta alama tatu za marehemu Baba. Ya nne ilikuwa yangu, ya mwaka ule uliposafiri.

Si uliapa mbele ya Mama kwamba saa hiyo utavuliwa ukiwa maiti? Mteja anasema aliyemuuzia alikuwa amekonda, anakohoa, na hakubishana bei hata kidogo. Wewe, unayebishania mpaka bei ya sindano!

Mama sijamwambia. Mteja nimemdanganya kwamba saa ni halisi ila ina hitilafu, matengenezo yatachukua wiki mbili. Saa haina kasoro yoyote. Naiweka sikioni, inakwenda vizuri tu. Ni wewe nisiyekusikia. Piga simu, Kaka, hata uje na uongo wako.

Mdogo wako,
Fundi