Salamu za Kamene

Mountain View,
Nairobi.
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Mama Mbaluka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto na wajukuu wote hapo Mwala. Natumaini presha imetulia na ile dawa mpya haikuletei tena kizunguzungu. Mimi nipo. Magoti yananisumbua, mafua ya Julai yamenishika yakaniachia, na usingizi umenitoroka kabisa, lakini hayo si ya kukuandikia barua.

Nilipata ujumbe wako wa wiki jana. Umesema fundi wa jiwe la kaburi anaanza kazi Ijumaa, na kwamba mmekubaliana chini ya jina la dada yako Kamene yachongwe maneno ya mwisho aliyotutumia kupitia kwangu. Kwa vile hakujaliwa mtoto, umesema, hayo ndiyo aliyoacha. Ukaniomba niyaandike sawasawa, nisikosee hata neno moja. Wavinya, nimekaa na huo ujumbe siku sita. Ningekupigia simu, lakini najijua. Ukianza kulia nitakudanganya tena.

Tangu urudi nyumbani hujaona kikundi chetu cha wazee cha kanisa kilivyo siku hizi. Tumebaki kumi na mmoja. Tunakutana Alhamisi saa nane sebuleni kwa Mzee Njuguna, ambaye sasa hasikii hata umpigie kelele, na bado ndiye mwenyekiti. Wengi wetu tunaishi peke yetu. Watoto wengine wako Kanada, wengine wako Rongai hapa karibu, na kwa kuwaona ni mamoja. Kwa hivyo tulipangana wawili wawili. Mnapeana ufunguo wa akiba, na kila Jumatano unamtembelea mwenzako. Asipoweza kuja Alhamisi, wewe husimama ukatoa salamu zake, nasi wote tunaitikia kwamba tumezipokea. Mwenzangu alikuwa Kamene. Ufunguo wa nyumba yake ya mtaa wa Satellite ulikuwa kwenye kibeti changu kila siku niendako.

Unamjua dada yako, alikuwa na mdomo. Alitembea kwa mkongojo, lakini tukienda kuwaona wagonjwa hospitalini alibeba mwenyewe chupa mbili za uji, na ole wake atakayejaribu kumpokea. Basi Alhamisi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nikiombea wagonjwa, akakohoa katikati ya maombi, akasema kwa sauti ati nifupishe, Mungu alinisikia tangu dakika ya kwanza na sasa nataka tu kusikiwa na watu. Woi! Walicheka wote. Hata Njuguna alicheka, na sijui alisikia nini. Nilicheka nao, lakini ndani niliungua. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja na sijawahi kunyamazishwa mbele za watu.

Jumatano iliyofuata sikwenda kwake. Nilijiambia wacha akae ajue. Nikaenda zangu Hurlingham kuchukua miwani mipya, nikaketi mahali nikanywa chai na keki. Nilimpigia simu mara moja tu, haikushikwa, nikasema amenuna, basi na anune.

Kesho yake hakuja kwenye kikundi, na Njuguna akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Wote walikuwa wananitazama. Ningesemaje kwamba nimemsusia mwanamke wa miaka sabini na tisa kwa sababu ya kicheko? Nikasimama. Nikasema nilikuwa kwake jana, hajambo, ni mguu tu umevimba kidogo, naye anawasalimu na kusema tusichoke kuombeana. Wakaitikia kwamba wamepokea. Mwihaki, anayekaa barabara moja na Kamene, alifunga mandazi kwenye karatasi akasema atampitishia akirudi nyumbani. Nikamwambia asijisumbue, Kamene mwenyewe amesema anataka kupumzika.

Tulimkuta amefariki Jumamosi, mimi na Mwihaki, tulipofungua kwa ule ufunguo wangu. Wewe ulijua alifariki usingizini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia, na Mwihaki nikamsihi anyamaze ati tusikuumize. Si kweli, Wavinya. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, na simu ilikuwa jikoni. Daktari alisema alianguka Jumatano asubuhi na huenda alikata roho Ijumaa. Joyline, jirani wa ukuta mmoja, anasema alisikia kitu kikigongwagongwa Alhamisi mchana kutwa, akadhani ni mafundi wa ghorofa ya juu. Alikuwa dada yako. Alikuwa akigonga wakati mimi nimesimama kwa Njuguna nikitoa salamu zake.

Maneno hayo mnayotaka kuchonga, ya tusichoke kuombeana, hakuyasema. Niliyatunga mimi. Kama ningekubali tu Mwihaki apeleke mandazi yake, labda leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Kikundi hakijui kwamba sikwenda. Mwihaki naye anaamini Kamene alianguka baada ya mimi kuondoka. Mwezi jana walinipangia mwenzangu mpya, Virginia, mjane ambaye macho yamemwishia. Wakasema wamenichagua kwa vile sikumwacha Kamene mpaka mwisho. Mara mbili amenipa ufunguo wake na mara mbili nimeurudisha, na anadhani ninajidai. Alhamisi hii nitawaambia wote. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua, maana ulinikumbatia kaburini ukanishukuru, nami nikakuacha unishukuru.

Sikuombi unisamehe kwa haraka, na usijilazimishe kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Ukitaka nije Mwala nikuambie haya uso kwa uso, nitakuja. Ukitaka nisikanyage huko, Mbaluka anipigie tu aniambie. Ila nakusihi, mwambie fundi kabla ya Ijumaa asichonge chochote zaidi ya jina na miaka.

Wasalimu watoto, ikiwa jina langu bado linatajika nyumbani mwako.

Ni mimi,
Nzula, Mama Kitheka.