Yai Lililokataa Kuzama

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa kaka yako, mchora mabango asiye na mpinzani kuanzia hapa hadi ng'ambo. Unaendeleaje hapo hospitali? Mgongo umetulia, na huyo mpwa wangu bado anacheza mpira tumboni? Daktari akisema lala, lala, usimletee ubishi wa ukoo wetu. Mimi ni mzima, ila pua yangu imepata msukosuko, na sababu yake utaisoma hapa hapa.

Darasa lako la watoto wadogo nimelishika barabara. Hadithi uliyoniachia, ya yai lililoogopa kuogelea, nimeichora upya kwenye makadibodi makubwa, na yai langu lina macho ya kumliza mtu mzima. Mimi niliyechora simba kwenye malori yanayovuka kila mpaka, nishindwe na yai? Watoto wananiita Mwalimu Rangi. Kila nikifunua picha wanauliza kitatokea nini, nami nawajibu kama ulivyoniagiza, kwamba tujaribu tuone.

Sasa sikia. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia kamati ya wazazi inataka kukifuta kipindi chako cha sayansi, watoto wawe wananakili herufi. Watakuja kukitazama mara moja, halafu waamue. Nikamwambia alete viti vya kutosha, maana watu watashangaa hadi miguu iwaishie nguvu. Si unanijua.

Wakaja. Mwenyekiti ni yule mama anayeshona sare, mwenye jicho la kumpima mtu kama kitambaa. Nikafunua picha ya yai likishuka majini. Watoto wakapiga kelele kwamba litazama. Nikalitia yai kwenye bakuli la kioo lenye maji yasiyo na chumvi, lizame kwanza, na chumvi ya kuliinua baadaye ingali mfukoni mwangu. Likaelea! Nikalisukuma kwa kidole, likapanda tena, limetulia kama mgeni aliyekataa kuaga.

Mwenyekiti akauliza limeelea kwa nini. Mdogo wangu, jibu la uongo nilikuwa nalo mdomoni, limeshavaa suti na tai. Lakini wale watoto walikuwa wananikodolea macho, wananiamini. Nikasema sijui. Mimi! Yule mama akasema tatizo ndilo hilo, watoto wanafundishwa na mtu asiyejua. Kabla sijajitetea, darasa zima likaanza kupiga meza likiimba tujaribu tuone. Wakataka lipasuliwe. Nikalipasua.

Harufu iliyotoka humo siiandiki, karatasi itachafuka. Kamati ilitoka mbio, mwalimu mkuu akiwa mbele kama kiongozi mwema. Na watoto? Walibana pua wakasogea, wanagombania kuchungulia. Wakataka mayai mengine, mapya na yaliyokaa, yote yatiwe majini. Mwenyekiti akarudi, leso puani, akasimama mlangoni. Binti yake, ambaye nyumbani hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, alikuwa amelikumbatia bakuli akibishana na nusu ya darasa. Mama huyo akaniambia kipindi kibaki mpaka mwisho wa muhula, ila asiyejua lazima naye akasome. Akaninyooshea kidole.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama hajalisikia. Nimejiandikisha shule ya jioni. Ndiyo, mimi ninayetangaza mtaani kwamba niliacha shule kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Nakaa dawati la nyuma, magoti yanagusa kidevu, na mwalimu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Jana kalamu yake nyekundu ilitembea kwenye daftari langu kama kuku aliyekatwa kichwa. Leo nimerudi, na kesho narudi. Wakicheka, nitacheka nao, lakini sitoki. Ukija na mtoto wako begani, nataka unikute nimesimama kando yako kama msaidizi halali, si kama mtu wa kukushikia nafasi tu.

Nakuomba kitu kimoja. Najua wewe unajua kwa nini lile yai lilielea. Usiniandikie. Tumepanga mayai dirishani, mengine mapya, mengine ya zamani, na watoto wamenikataza kabisa kukuuliza.

Msalimie shemeji, mwambie akuletee matunda, ushauri abaki nao. Mama anakukumbatia, na wanafunzi wako wote wanakuombea unyanyuke salama.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Rangi asubuhi, mwanafunzi jioni